Maganda yaende wapi? Kulinganisha njia za kupunguza taka nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Imwage ndoo ya taka ya nyumba yoyote ya Uyole, Kihesa au Tukuyu, uitazame. Utakuta maganda ya ndizi, ya viazi na ya parachichi, majani ya kabichi, ukoko wa ugali, majivu. Plastiki ipo, lakini kwa uzito haifui dafu mbele ya mabichi hayo. Katika miji yetu taka zinazooza huwa zaidi ya nusu ya mzigo wote. Ndiyo maana nashangaa ushauri wa kupunguza taka unapoanza na mrija wa soda. Nani hapa Mwanjelwa, Mbeya, anakunywa soda kwa mrija kila siku? Swali kubwa la ndoo yetu ni maganda. Ukishayaondoa, kinachobaki ni kikavu na chepesi, hakinuki wala hakiiti mbwa, na unaweza kukaa nacho ndani hata gari la taka likichelewa.

Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maganda, mengine nitayapitia haraka. Sharti ni moja tu kabla ya yote: ndoo mbili jikoni, moja ya vinavyooza, nyingine ya vikavu. Kila njia nitakayoitaja hapa inaharibika taka zikichanganywa. Mfugaji hapokei maganda yenye wembe ndani, na mnunuzi wa chupa hataki chupa iliyolowa mchuzi.

Mboji: lundo au shimo?

Wataalamu wa kilimo hufundisha njia zote mbili, na watu hubishana ipi bora. Ubishi huo hauna maana mpaka useme unaishi wapi.

Tukuyu na sehemu kubwa ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukichimba shimo huko, kufikia Machi umejitengenezea bwawa. Maganda yaliyozama majini hayapati hewa, na taka isiyopata hewa haigeuki mboji. Inavunda, inanuka, inazalisha mbu. Huko weka lundo juu ya ardhi. Tandika kwanza mabua au vijiti chini ili maji yapite, halafu lifunike kwa majani ya mgomba, ambayo huko hayanunuliwi.

Nenda Iringa mjini, Isimani au Mbarali, mambo yanageuka. Mvua haifiki nusu ya ile ya Tukuyu, na kuanzia Mei hadi Novemba unaweza usione tone. Lundo la juu hukaushwa na upepo likabaki takataka zilezile ulizoziweka, zimekauka tu. Huko shimo ndilo linalofaa, la kina cha nusu mita hadi mita moja. Udongo wa pembeni hutunza unyevu, na maji uliyooshea mboga au mchele yanatosha kulimwagilia. Mbeya mjini sisi tuko katikati: shimo kiangazi, lundo lenye mfuniko masika. Ukitaka njia moja ya mwaka mzima, chagua lundo, maana kuongeza maji ni rahisi kuliko kuyatoa.

Kuna jambo la baridi pia, na wenyeji wa Njombe, Makambako na safu za milima ya Uporoto wanalijua hata kabla sijalisema. Mboji huiva kwa joto linalotoka ndani yake yenyewe, na lundo lisilofika mita moja kila upande haliwezi kulishika joto hilo. Kinachoiva kwa miezi mitatu kwenye joto kinaweza kuchukua miezi sita kikikutana na Juni na Julai. Familia ya watu watatu Njombe itachoka kusubiri. Afadhali nyumba mbili tatu zichangie lundo moja kubwa kuliko kila mmoja kuwa na kichuguu chake kilichopoa.

Uwiano wake hauhitaji hesabu kali. Kwa kila ndoo moja ya maganda mabichi, weka kama ndoo mbili za vikavu: mabua ya mahindi, majani makavu, maganda ya mpunga kutoka mashineni. Mafinga wana bahati ya maranda kwa sababu ya mbao za shamba la miti la Sao Hill, ila maranda yasitumiwe kwa pupa. Yanaoza polepole mno na yanakula naitrojeni ambayo ungetaka ibaki kwenye mbolea. Yachanganye na samadi, au yatumie kufunika harufu tu. Ukishika konzi ya mboji ukaikamua, yatoke matone machache. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, mwagia. Nyama, mifupa na mafuta usiweke, labda kama unataka kuwafahamu mbwa wote wa mtaa.

Sasa jambo ambalo sikuti likisemwa vya kutosha, na hapa kwetu ni kubwa. Maganda ya viazi mviringo vya sokoni yanaweza kubeba vimelea vya mnyauko bakteria, ugonjwa unaowaacha wakulima wa viazi hoi. Lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua vimelea hivyo. Basi mboji iliyotokana na maganda ya viazi usiipeleke kwenye viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili hoho, maana hao wote ni ukoo mmoja na ugonjwa ni wa ukoo. Ipeleke kwenye mahindi, chainizi, kabichi au migomba. Anayelima viazi vya biashara na kununua vya kula sokoni, nadhani amenielewa.

Majivu yana nafasi yake. Udongo wa sehemu zenye mvua nyingi, Rungwe na Njombe hasa, huelekea kuwa na tindikali, na majivu ya kuni huipunguza. Nyunyiza kidogo kwenye lundo au chini ya migomba. Kwenye chai usiweke. Chai inaipenda tindikali hiyo. Na majivu ya moto kwenye ndoo ya plastiki, hilo sina haja ya kulieleza.

Au uwape mifugo?

Kwa kasi, hakuna kinachomshinda mnyama. Mboji inataka miezi. Nguruwe anataka dakika. Lakini kila mnyama ana mipaka yake, na mazao mawili yanayotujaza sifa Nyanda za Juu Kusini, parachichi na viazi, ndiyo yenye hatari kwa mifugo.

Kuku wa kienyeji ni wa kwanza kwa wepesi. Makombo ya ugali na wali, majani ya kabichi, nyanya zilizolegea, yote yanaisha siku hiyohiyo. Maganda ya ndizi na ya viazi watayachakura tu na kuyaacha. Parachichi usiwape: ganda, kokwa na majani yake yana sumu ya asili inayoudhuru moyo wa ndege. Sungura na mbuzi nao wasipewe. Mbuzi anayenyonyesha anaweza kuvimba kiwele na kukata maziwa. Nimewaona watu Rungwe wakimwaga makapi ya parachichi bandani kwa nia njema kabisa. Hayo yaende kwenye lundo, na kokwa ulipasue kwanza, vinginevyo litachipua humohumo.

Ng'ombe wa ndani, wale wa kukatiwa majani, hula maganda ya ndizi vizuri sana. Kwa nyumba inayopika ndizi karibu kila siku na ina ng'ombe, au jirani mwenye ng'ombe, sioni sababu ya kuyasumbukia mboji. Maganda yanaingia upande mmoja, samadi inatoka upande wa pili, na samadi hiyo ndiyo inayolichemsha lundo lako. Mwenye uwezo wa kuunganisha mambo haya mawili amemaliza kazi.

Nguruwe anakula karibu kila kitu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Viazi vilivyogeuka kijani vina sumu ya solanini, pamoja na maganda na machipukizi yake. Usimpe; kuchemsha hakuimalizi sumu hiyo. Kubwa zaidi ni homa ya nguruwe, ambayo haina tiba na imekwishawafilisi wafugaji wengi mikoa hii. Virusi vyake hukaa ndani ya nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, kwa hiyo makombo kutoka sehemu wanapouza kitimoto yanaweza kuleta msiba bandani. Makombo ya mchanganyiko yachemshwe yatokote kwa nusu saa nzima kabla ya kumpa. Hesabu na gharama ya kuni au mkaa wa kuchemshia. Wengine wakishaijumlisha, wanaona bora wampe machicha ya komoni, pombe ya kienyeji, na makombo yenye nyama wayafukie.

Anayeishi mjini aulize kwanza ofisi ya mtaa kuhusu sheria ndogo za ufugaji, hasa wa nguruwe. Majirani wana pua.

Kama umepanga chumba

Huna ua, huna migomba, mwenye nyumba hataki shimo. Una njia mbili, na zote zinaanza na ndoo yenye mfuniko unaobana. Weka chini maranda au majivu yaliyopoa, kila ukitupa maganda nyunyizia juu yake kidogo. Itakaa siku tatu nne bila harufu, na katika baridi ya Mbeya hata zaidi. Hii ni faida ambayo mwenzako wa Dar es Salaam hana.

Njia ya kwanza ni kumtafuta mfugaji. Wafuga nguruwe na ng'ombe wa pembezoni mwa mji hutafuta maganda, na wengine wako tayari kuja wenyewe kwa mama ntilie na kwenye vibanda vya chipsi. Nyumba ya wapangaji sita yenye ndoo moja ya pamoja inatosha kumfanya mtu aje. Njia ya pili ni kuyapeleka kwenye gari la taka kama ulivyozoea, yakiwa yametengwa. Sipendi kujidanganya kuhusu hili: taka za Mbeya huishia dampo la Nsalaga, na maganda yakifukiwa chini ya taka nyingine hutoa gesi ya methani na maji machafu yanayochuja kwenda chini. Yakichanganywa tena garini, umeokoa usafi wa jikoni kwako tu. Bado ni kitu. Lakini mfugaji ni bora.

Ufugaji wa minyoo kwenye beseni, unaosifiwa sana mitandaoni, siuweki kwenye ushindani. Unafanya kazi, ila unataka aina maalumu ya minyoo na uangalizi wa kila mara, na baridi ya Julai huwapunguzia hamu ya kula. Kwa mtu anayependa, sawa.

Gunia au ndoo?

Taka nyepesi kuliko zote ni ile ambayo hukuinunua. Barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu imejaa viazi, na bei ya gunia ukiigawa kwa kilo inakushawishi. Gunia linalipa kwa familia ya watu wanane, au kwa watu watatu wanaogawana. Kwa mke na mume na mtoto mmoja, ndoo ni bora hata kama kilo yake ni ghali kidogo, kwa sababu robo ya mwisho ya gunia mara nyingi inachipua au kuoza kabla hujaifikia. Ukinunua gunia, lifungue siku hiyohiyo, utoe vilivyokatwa na jembe uvile kwanza, vingine uvitandaze penye giza, ubaridi na hewa. Mwanga ndio unaovigeuza kijani. Na usiviweke pamoja na vitunguu; vikikaa pamoja vinaharibiana.

Nafaka ni hesabu nyingine. Mchele wa Kyela au wa Mbarali na mahindi makavu unaweza kununua kwa gunia bila hofu, mradi vimekauka na umevitunza kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu hufa humo kwa kukosa hewa, huhitaji dawa. Mfuko ukitobolewa na panya, kazi imekwisha.

Kikapu, mfuko mbadala, chupa

Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019. Kukutwa nayo ni faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Ikaja mifuko mbadala, na wengi wanadhani ile ni kitambaa. Ni plastiki, aina ya polipropilini, iliyotengenezwa ionekane kama kitambaa. Faida yake ni kutumika mara nyingi. Ukiitumia mara moja ukaitupa, hujapunguza chochote.

Kwa safari ya soko, chaguo langu ni kikapu cha milulu cha Iringa. Hakijikunji kama mfuko, hilo kweli, na ukipanda bodaboda nacho unaonekana umehama. Lakini hakipasuki chini ya viazi, nyanya hazibanani, na siku kikizeeka unakikata vipande kinaingia kwenye lundo pamoja na maganda. Mfuko mbadala mmoja uukunje mkobani kwa manunuzi ya ghafla. Kwa samaki wa Ziwa Nyasa au nyama, kopo lenye mfuniko linashinda vyote, na mchinjaji hakatai ukimpa.

Soda ya chupa ya kioo na ya plastiki: chukua ya kioo, inarudi kiwandani na kreti lake ikaoshwa na kujazwa tena. Ya plastiki utaisaidia tu kama utaiweka kavu na kumpa anayezinunua kwa kilo. Mafuta ya kupikia na sabuni ya maji, pima kwenye dumu lako. Onyo moja tu, na hili liko wazi kwenye vijiji vya viazi na nyanya: dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani halisafishiki kwa ajili ya chakula, hata ukilisuuza kwa mchanga. Suuza mara tatu ukimwaga maji hayo kwenye bomba la kupulizia shambani, litoboe lisitumike tena, basi.

Maziwa ya kupima kutoka kwa jirani hayana pakiti, kwa hiyo kwa upande wa taka yanashinda ya dukani. Lakini yachemshe, kila mara.

Pampasi au nepi za kitambaa?

Kwenye makaratasi, nepi ya kitambaa inashinda kwa mbali. Mtoto mchanga hubadilishwa mara sita au zaidi kwa siku, na pampasi hizo zote hazina zinakokwenda. Ila anayeshauri kitambaa kitupu hajawahi kufua nepi Tukuyu mwezi Machi, au Njombe mwezi Juni. Kitambaa kinaning'inia siku mbili, siku ya tatu bado kina ubaridi, na nepi yenye unyevu inamchubua mtoto.

Kwa hiyo gawa kwa msimu. Iringa mjini na Mbarali, ambako jua lipo, kitambaa mchana na pampasi usiku wa kulala au safarini. Milimani wakati wa mvua, geuza kibao: pampasi zaidi, kitambaa unapopata siku ya jua. Chagua kitambaa chepesi cha kukunja badala ya kile kinene kilichoshonwa tabaka nyingi, kinakauka haraka na pasi ya moto inakimalizia. Pampasi yenyewe, choo cha mtoto kimwagwe chooni kwanza, kisha ifungwe iende kwenye taka kavu. Isitumbukizwe kwenye choo cha shimo. Haiozi humo, inavimba, na siku ya kunyonya choo utalipia.

Kilichobaki: gari la taka au kiberiti?

Ukishafanya hayo yote, kitabaki kiroba kidogo: vifungashio vya biskuti, pampasi, vyombo vilivyopasuka, betri. Wengi wanachoma uani jioni. Bure kweli, na haraka. Lakini moto wa uani hauna joto la kutosha kuunguza plastiki vizuri, na aina nyingine, kama PVC ya mabomba na ngozi bandia, hutoa dioksini, sumu inayobaki kwenye udongo na kuingia kwenye mayai ya kuku wanaochakura hapohapo. Asubuhi za baridi za Mbeya, moshi hulala bondeni chini ya mlima Loleza mpaka jua lipande. Wanaouvuta ni watoto wanaokwenda shule. Shimo la kufukia la babu zetu lilikuwa zuri kwa sababu kila kilichoingia kilioza. Ukitupa betri humo, unazika sumu karibu na kisima.

Karatasi na boksi unaweza kuwashia jiko. Chuma chakavu kina wanunuzi. Vingine vyote lipia gari la taka, hata kama ada inakera na gari halina ratiba ya kuaminika. Kiroba kikavu kinaweza kusubiri. Vioo vilivyovunjika vifunge kwenye boksi au gazeti nene, uviweke peke yake, na umwambie kijana wa gari kilichomo, maana wengi wao hubeba kwa mikono mitupu.